Kwa Nini Twiga Hutanua Miguu Anapokunywa Maji

Juzi mmeniuliza, jana mmeniuliza, na leo mmekuja na swali lile lile. Basi tulieni niwaeleze, nisiulizwe tena.

Zamani Twiga alikuwa na shingo ndefu kama ya leo, lakini miguu yake ilikunjika vizuri. Akitaka maji alipiga magoti tu. Shida ilikuwa damu. Akiinama, damu ilimporomokea kichwani hadi macho yakamtoka. Akiinuka, ilikimbilia miguuni yote, naye akazirai na kuanguka puu.

Na alianguka mle mle bwawani, wakati wa kiangazi, na bwawa lenyewe lilikuwa moja. Kila alasiri Nyumbu na wenzake walimkokota kwa shingo, wakamlaza ukingoni, wakangoja azinduke huku maji yamekwisha kuwa tope. Akizinduka husema, "Samahani, jamani, ni kiu," kisha huinama tena.

Siku moja alimwangukia mtoto wa Swala. Mtoto alitolewa akiwa hai, ila anachechemea. Swala hakupiga kelele. Alimwambia Twiga, "Samahani zako zimetuchosha. Usije tena hapa."

Twiga alikaa na kiu mpaka ulimi ukamkauka. Ndipo akamwendea Kakakuona, aliyekuwa mganga wa wanyama, akamweleza yote. Kakakuona alishusha pumzi. "Shingo yote hiyo, na hujawahi kujiuliza damu inapandaje?"

Akaukanda moyo wa Twiga ukawa mnene, wenye nguvu ya kusukuma. Akatia vilango kwenye mishipa ya shingo, damu isirudi kwa mkupuo. Chini ya ubongo akafuma wavu wa vimishipa vya kuipokea polepole. Mwisho akaishona ngozi ya miguu, akaikaza sana, damu isituame huko.

"Inabana," Twiga alilalamika. "Sitaweza kupiga magoti."

"Tanua miguu, basi. Au rudi ukaendelee kuanguka."

Twiga alirudi bwawani. Nyumbu alipomwona aliguna, akajiweka tayari kumkokota. Twiga akatanua miguu, akainama, akanywa, akainuka. Akabaki amesimama. Swala akamsogeza mtoto wake majini, kando ya Twiga, naye akanywa.

Na tangu siku hiyo Twiga hutanua miguu anapokunywa, kidogo kidogo, na huchelewa mno. Nyumbu, aliye nyuma yake, huguna, maana kungoja kunachosha. Lakini hungoja.