Mabua ya Sungura

Enzi zile wanyama walipokuwa na mashamba, ukame uliingia bondeni ukakataa kutoka. Upepo ulizoa udongo wote uliolimwa, ndipo Simba akatoa amri: jembe marufuku. Mbegu zipandwe kwa kijiti, na mabua yabaki shambani yafunike ardhi.

Sungura alitii kwa furaha, maana kazi hakuipenda hata kidogo. Kila msimu alivuna na kuyaacha mabua palepale. Yakalundikana hadi yakamfika masikioni. Msimu uliopita mbegu zake zilinasa humo bila kugusa udongo, zikaoza zote. Sasa alibakiwa na kibuyu kimoja tu cha mbegu. Na hizi zikioza, wanawe watalala njaa.

Akaanza kuyakata. Ya chini, yaliyokwisha kulainika, aliyakata vipande vifupi akayatandaza vizuri. Yale marefu ya juu yakamshinda. Alikuwa ameketi akijipepea aliposikia mtu anameza mate. Alikuwa Fisi, jirani yake.

"Jirani, mabua yote haya ya nini?"

"Yanatunza unyevu, bwana Fisi. Hata tandazo jembamba linatosha."

"Na likiwa nene?"

Sungura alizuia kicheko. "Hilo sikuambii!"

Fisi akaondoka akijilamba. Mchana ule Sungura alijilaza kivulini, jicho moja wazi. Fisi akaja kwa kunyata, akabeba mzigo, akarudi, akabeba mwingine. Alipoonekana kuchoka, Sungura alilalamika kama anayeota: "Ole wangu wakiniibia yale ya kando ya kijito!"

Fisi akakimbilia kijitoni. Kufikia jua kuzama alikuwa amehamishia shambani kwake mabua yote marefu. Vile vipande vifupi havikubebeka, akaviacha. Sungura akapanda mbegu zake akipiga mluzi.

Mvua ikanyesha. Mahindi ya Sungura yalipenya kati ya vipande, yakasimama. Kwa Fisi mbegu zilinasa juu, mizizi ikining'inia hewani, na panya wakahamia humo na jamaa zao zote.

Fisi akakimbilia barazani kwa Simba. "Mfalme wangu, Sungura ameniangamiza! Mabua yake yameniozeshea mbegu!"

Simba hakusema kitu mpaka atikise manyoya ya shingo, kila mtu ayaone. Akayatikisa. "Mabua yake? Yalifikaje kwako?"

"Yalikuja, Mfalme."

"Kwa miguu?"

Baraza zima likaangua kicheko. Fisi alitamani ardhi immeze.

"Utayarudisha yote," Simba akaamuru. "Sungura, unayataka leo?"

"La, Mfalme. Leo mahindi yangu yanapumua. Ayakatekate kwanza, kisha awe ananiletea kidogo kidogo, kadiri haya ya kwangu yanavyooza."

Basi Fisi akawa anakata mabua msimu mzima, tumbo likimnguruma. Siku moja Sungura alipita akitafuna hindi la kuchoma. Alimwonea huruma, akamkatia nusu.

"Jirani," Fisi akauliza huku akitafuna, "kwani mabua yale uliyapenda sana?"

"Niyapende? Yalikuwa yananiua! Ungeniomba tu, ningekupa yote, na kukubebea ningekubebea. Tena ningekuambia uyakate kabla hujapanda."

Fisi akaacha kutafuna. Akalitazama lundo lililobaki, akashika panga lake, akaendelea kukata.