Mtamba wa Kona ya Mlokole

Hapo zamani, si zamani ya wafalme wala ya majini, zamani ya juzi tu, watu walipokuwa wameshazoea magari lakini hawajazoea kumwona mjane akikimbiza la kwake, alikuwako huko Tukuyu mama mmoja jina lake Tumpe. Mumewe, Asajile, alifariki akamwachia watoto wawili, Lugano na mdogo wake, kishamba cha chai, ng'ombe mmoja wa maziwa na gari la mbio.

Gari lenyewe lilikuwa la milango miwili, limezeeka, weupe wake umegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Lakini injini! Likiwashwa, kuku wa majirani walipanda juu ya paa. Kwenye barabara iliyonyooka hakuna aliyelipata. Kwenye kona, lilikwenda linakotaka lenyewe.

Ndugu wa marehemu walikuja wakasema, "Liuze." Wakaja tena, wakasema, "Liuze, mwanamke hawezi gari la namna hii." Tumpe akawakaribisha chai, akawaambia, "Asajile alipokuwa akilisukuma kwenye matope, hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuchafua kiatu. Leo mnalijulia wapi?" Wakanywa chai yao wakaondoka.

Basi ng'ombe akaugua ndigana, akafa. Watoto wakaanza kunywa chai ya rangi asubuhi na jioni, na Tumpe, mwenye ulimi mkali kuliko wembe, akawa anaamka anakaa tu kwenye zizi tupu bila la kusema.

Mwaka huo ushirika wa maziwa ukatangaza mashindano ya magari ya kupanda mlima. Kila gari lingepanda peke yake, mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Zawadi: mtamba mwenye mimba, wa kizazi cha ng'ombe wa maziwa mengi. Sekela, dada yake marehemu Asajile, mwalimu wa shule ya msingi, hakumuuliza Tumpe. Alikwenda moja kwa moja kumwandikisha, ndipo akaja kumpa habari.

"Wifi, umeniandikisha mimi?" Tumpe akauliza.

"Kwani yuko nani mwingine mwenye gari la mbio na zizi tupu?"

Wakatoka kulijaribu kwenye njia ya mashindano, Tumpe kwenye usukani, Sekela kando yake. Njia ile ina kona mbaya, inaitwa Kona ya Mlokole kwa sababu ya mhubiri mmoja aliyejenga hapo, ambaye husema magari yaliyotumbukia mbele ya nyumba yake yamemletea waumini wengi kuliko mahubiri. Manyunyu yalikuwa yameanza. Sekela akasema, "Punguza, wifi." Tumpe akacheka. "Ukiona kasi, shuka utembee." Sekela akasema tena, "Punguza!" Tumpe akakanyaga.

Gari likafika konani, likaruka juu ya kituta kidogo, likatua, likateleza kama sabuni kwenye sakafu, likaingia kwenye shamba la chai likazunguka huko mpaka likachoka. Tumpe hakupata hata mkwaruzo. Sekela alivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani.

Hospitalini Tumpe alishindwa kumtazama wifi yake usoni. Alitazama ukuta. Na kwa kuwa hakuweza kujikasirikia hadharani, alitoka pale akaenda kuwakasirikia wengine.

Alianza na kaka yake, Gwakisa, muuza matairi. Huyu Gwakisa ni mtu wa shati jeupe na maneno laini. Ndiye aliyemuuzia dada yake matairi yale, akiapa ni mapya kwa sababu kashata zake, yale meno ya tairi, zilikuwa bado ndefu. Kashata zilikuwa ndefu, kweli. Ila matairi yenyewe yalikaa miaka juu ya paa la duka lake, juani, kama tangazo.

Tumpe alibwaga tairi moja mbele ya wateja, akalikandamiza kwa ukucha. Ukucha ukapinda.

"Kaka, hili ni mpira au kwato?"

"Dada, kashata unaziona mwenyewe..."

"Nyumbu naye ana kwato nzuri. Je, nimfunge kwenye gari?"

Wateja wakacheka, mmoja akarudisha mkono mfukoni. Gwakisa akaona aibu ya namna ambayo shati jeupe halifichi. Dukani hakuwa na matairi laini ya kipimo kile. Yalikuwako kwenye gari lake mwenyewe tu, lile analopaki mbele ya kanisa ili lionekane. Akayavua yote, akampa dada yake, na gari lake likabaki juu ya matofali. Masika yote yale bwana shati jeupe alikwenda dukani kwa miguu, akirushiwa matope na kila pikipiki iliyopita.

Kutoka hapo Tumpe akaenda kwa Anyosisye, fundi wa chini ya gari. Fundi huyu, ukimwuliza saa, atakueleza kwanza makosa ya mafundi wengine. Alipolala chini ya gari alitoka akitikisa kichwa. "Bushi, hizi raba za maungio, zimeoza. Shokapu zinavuja mafuta, hazizuii kitu. Na springi, Mama Lugano, springi zimekatwa. Gari likigonga kituta halina pa kubonyea, linaruka. Mpumbavu gani alikata springi hizi?"

"Wewe," Tumpe akasema.

Fundi akakohoa. Ni kweli. Asajile alitaka gari liwe chini chini, lipendeze, naye fundi akazikata kwa msumeno.

"Marehemu mwenyewe aliniagiza."

"Na angekuagiza umkate mguu apendeze?"

Fundi akafunga safari. Alikwenda Mbeya, akazunguka kwenye magari mabovu mpaka akapata springi nzima. Aliweka wateja wengine pembeni, akafunga bushi mpya na shokapu mpya, akanyoosha magurudumu yote yakatazama mbele. Springi moja ilimponyoka ikiwa imebanwa, ikampiga mdomoni, ikamng'oa jino la mbele. Alitema damu akaendelea kufunga. Tangu siku hiyo anasema makosa ya mafundi wengine kwa kupuliza.

Gari likawa zuri, lakini si zuri bado. Kwenye kona lilikaa, kisha likachomoka kidogo. Hapo ndipo Sekela alipokuja, mkono umefungwa shingoni, mfukoni ana chaki za shule.

Sasa huyu Sekela, mnapomwonea huruma, jueni kwamba ndiye aliyejaza upepo siku ile ya ajali. Alijaza mpaka matairi yakawa magumu kama jiwe, akisema tairi likijaa gari linakuwa jepesi. Alisema hivyo kwa sauti ileile anayofundishia hesabu, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Safari hii hakufundisha. Alichora mistari ya chaki kutoka uso wa tairi hadi ubavuni. Tumpe akazunguka kona, akarudi, na Sekela akainama kwa maumivu kuangalia chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka ubavuni, tairi linalala, aongeze upepo. Isipofika hata begani, tairi limevimba, apunguze. Chora, zunguka, angalia. Chora, zunguka, angalia. Jioni ile gari likapita konani limetulia, na Tumpe akajikuta anaimba.

Siku ya mashindano mvua ilimwagika. Mabwana wakubwa walikuja na magari mapya, na miwani nyeusi chini ya mawingu meusi. Wa kwanza akaingia kwenye chai. Wa pili akaingia kwenye chai. Wa tatu akaenda polepole kama gari la msiba, akafika. Mhubiri akatoka barazani kuwakaribisha waliotumbukia.

Tumpe akaja. Alipoona kona, mguu wake ulitaka kukanyaga kama siku ile. Masikioni akasikia sauti ya Sekela: punguza. Akapunguza. Gari likainama kidogo, likabonyea kwenye kituta bila kuruka, matairi yakauma lami. Hapo akakanyaga, na mlima ukabaki nyuma yake.

Alishinda. Hata hawakubishana.

Kisha wakaanza kubishana zawadi ni ya nani, maana kila aliyelitengeneza gari alitaka fungu lake. Mwenyekiti wa ushirika, Bwana Ambakisye, akaleta mtamba, akasema, "Masharti ni kwamba mtamba anaingia nyumba moja tu. Hatumgawi, hatumuuzi, wala msiniambie ndama wake aende kwa fulani. Apelekwe zizi gani?"

Gwakisa akatangulia. "Gari hushika barabara kwa matairi. Bila mimi angekuwa kwenye chai."

Tumpe akamjibu, "Kweli. Na bila wewe nisingeingia kwenye chai mara ya kwanza."

Anyosisye akasema kwa kupuliza, "Tairi ni nini kama gari linaruka? Nimelirudishia miguu, na jino langu mnaliona halipo. Bila mimi angekuwa kwenye chai."

"Kweli, fundi. Na bila wewe nisingeingia kwenye chai mara ya kwanza."

Sekela akasema, "Mimi niliinama na mfupa uliovunjika nikasoma chaki. Na mimi ndiye niliyemwandikisha, yeye alikuwa amekaa kwenye zizi tupu. Bila mimi hata asingekuja."

"Kweli, wifi. Na ule upepo wa siku ile, bila wewe..."

"Na wewe je?" Sekela akamkatiza. "Matairi yalikuwa kwato, springi zilikatwa, upepo nilijaza mimi. Haya. Mguu uliokanyaga ni wa nani? Nilikwambia punguza, ukaniambia nishuke nitembee. Mtulinga huu nani aliuvunja?"

Watu wakasogea karibu. Tumpe, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alifungua mdomo akaufunga. Nyuma yake watoto wake walikuwa tayari wamemshika mtamba masikio, na mdogo alikuwa anamuuliza mkubwa maziwa yataanza kutoka lini.

Ni yeye aliyeendesha, na ni yeye aliyepunguza. Lakini aliyejifunza kupunguza kwa mfupa wa mwenzake, anadai nini?

Hadithi yangu imefika hapo. Mvua inanyesha, mwenyekiti amenyoosha mkono wenye kamba, na watu wanne wote wanamtazama yule ng'ombe, hakuna anayemtazama mwenzake. Mimi siwasaidii, nyinyi ndio wajuaji. Semeni: aliyeuza kwato kisha akatembea kwenye matope, aliyekata springi kisha akapoteza jino, aliyejaza upepo kisha akasoma chaki, au aliyemvunja wifi yake kisha akaushinda mlima, je, nani alistahili kuipokea kamba ile?