Pimbi na Sheria ya Mkia

Hadithi hii alinisimulia kwanza Bi Mwanashehe, mkunga wetu, akinikanda mgongo siku ya sita tangu nijifungue. Alianza hivi:

"Wenye barabara, nipite?"

"Pita, ukipiga honi!"

"Pii-pii!"

"Pita na hadithi yako!"

Alikuwako Pimbi mmoja, mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye skuta. Kaka yake alioa nchi ya jirani, na mkewe akazaa mtoto wa kike. Siku ya saba mtoto hutolewa nje akapewa jina, na mwenye kulitoa ni shangazi. Shangazi ndiye Pimbi. Lakini shangazi asipofika kabla ya adhuhuri, jina hutolewa na bibi mzaa mama. Na bibi huyo alikwisha kusema, "Mimi nitamwita Tabu."

Pimbi hakutaka mtoto aitwe Tabu. Akavaa kofia ngumu, akapanda skuta. Pu-pu-pu-pu! Hata mpakani.

Upande wa kwao alikuwako askari Kobe. Akasoma karatasi zote polepole, akagonga muhuri. Pa!

"Nenda, bibie. Huku kwetu ni kushoto. Ukivuka mnyororo, shika kulia."

Pimbi akavuka, akashika kulia. Huko alikuwako askari Kiboko. Akaitazama skuta, mate yakamdondoka.

"Pasipoti?"

"Hii hapa, afande." Kiboko akainusa, akairudisha.

"Leseni ya kuendeshea ugenini?"

"Hii hapa, afande." Kiboko akainusa, akairudisha.

"Bima?"

"Hii hapa, afande." Kiboko akainusa, akairudisha.

"Kofia ngumu?"

"Iko kichwani, afande." Kiboko akainusa kichwa.

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena.

"Mkia?"

"Mkia wa nini, afande?"

"Sheria ya hapa, dereva akikata kona hunyoosha mkia. Wewe huna. Skuta inabaki kwangu."

Jua lilikuwa linapanda. Pimbi akalitupia jicho. Lakini akasema kwa adabu, "Sheria ni sheria, afande. Chukua. Ila ijaribu kwanza, wasije wakasema mkubwa mzima kapokea kitu kibovu. Nitakaa nyuma nikuonyeshe breki."

"Niijaribu wapi?"

"Huko nilikotoka. Barabara imenyooka."

Kiboko akakalia skuta, gubu! Tairi zikalia nyiii. Pu... pu... pu... wakavuka mnyororo. Kiboko akashika kulia, kama alivyozoea kwao.

"Simama!" akasema Kobe. "Mbona uko kulia?"

"Hunijui? Mimi ni askari!"

"Huko. Huku ni mgeni. Pasipoti?"

Hana.

"Leseni?"

Hana.

"Kofia ngumu?"

Kiboko akaazima ya Pimbi, ikamkaa kwenye sikio moja.

"Na mkia?" akauliza Pimbi kutoka nyuma.

Kiboko akageuka kwa furaha, akaunyoosha. "Ninao! Tazameni, ninao!"

"Mkia hatuuhitaji," akasema Kobe. "Skuta ya nani?"

"Yangu!"

Kobe akafungua kadi ya skuta, akasoma herufi moja moja. "Hapa pameandikwa Pimbi. Bibie, chukua chombo chako. Na wewe, mkubwa, keti hapo mpaka ipatikane kofia ya kichwa hicho."

Pimbi akavaa kofia yake. Pu-pu-pu-pu! Akavuka mnyororo, akashika kulia. Langoni hapakuwa na mtu. Alipoingia uani, jua lilikuwa utosini. Bibi amempakata mtoto, kinywa ameshakifungua.

"Ta—"

"Raha!" akapiga kelele Pimbi, hata hajashuka. "Mtoto anaitwa Raha!"

Vigelegele uwanja mzima. Bibi akafunga kinywa.

Hadithi nimeiegesha hapa. Iliyompendeza apande, isiyompendeza asukume. Na funzo lake, alisema Bi Mwanashehe, ni hili: ukienda ugenini, kamilisha karatasi zako zote, nawe utapita bila kusumbuliwa na mtu yeyote.

Kesho yake asubuhi nilituma mtu akamwite wifi yangu, aje upesi, kabla mama yangu hajamaliza chai.