Siku Mtakatifu Antoni Alipoitikia Shikamoo

"Shaba ikisema, chungulia kisogoni." Mmeisikia leo, wajukuu zangu, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Basi methali hii ilianza hivi.

Pale Kashanda, mbele ya soko, palisimama sanamu ya shaba ya Mtakatifu Antoni, ndefu kupita mtu, na nyuma yake kichaka cha maua. Kila Jumamosi mjane mmoja, Apolinaria, alikwenda kuiosha. Huku akisugua, alimweleza mtakatifu shida zake kama mtu anavyomweleza jirani. Na shida yake kubwa ilikuwa moja: shemeji yake Protasi alilitaka shamba la migomba aliloachiwa na marehemu mumewe.

Asubuhi moja alitua ndoo yake ya maji ya sabuni, akaamkia kama ilivyo desturi yake, "Shikamoo, Mtakatifu Antoni."

"Marahaba," sanamu ikaitikia.

Kitambaa kikamponyoka. Miaka yote ya kuamkia, hakuwahi kuitikiwa! Akapiga magoti. Wauza ndizi wakaacha biashara zao, wakasogea, wengine wakifanya ishara ya msalaba.

"Apolinaria," sauti ikasema, nzito kama ya mtu aliyeingiza kichwa mtungini, "mwachie shemeji yako shamba."

Moyo ulimuuma. Shamba hilo ndilo lililomlisha yeye na wanawe. Lakini nani abishane na mtakatifu? Akajibu huku machozi yanamtiririka, "Nimesikia."

"Na lile jembe jipya."

"Nalo nitampa."

"Na jogoo wa madoadoa."

Apolinaria akafuta machozi. Jogoo tena?

"Na sufuria kubwa."

Hapo akainua uso. Midomo ya mtakatifu ilikuwa imefumbwa vilevile. Akasema polepole, "Sufuria nitaitoa, Mtakatifu, ila imetoboka."

"Uongo!" sanamu ikafoka. "Pasaka nimekunywa supu iliyopikwa humo humo, haivuji hata tone!"

Apolinaria akainuka, akajikung'uta vumbi magotini, akabeba ndoo yake, akazunguka nyuma ya sanamu na kuimimina yote kichakani. Protasi akachomoka humo anatema povu, macho yamemwiva.

"Shemeji! Mimi nilikuwa nasali tu!"

"Sali, shemeji, sali sana," Apolinaria akamwambia, "maana shamba hulipati."

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Protasi hakukanyaga sokoni msimu mzima, na shamba lile mpaka leo linalimwa na wajukuu wa Apolinaria.

Tangu hapo, mtu akija Kashanda akidai katumwa na mkubwa fulani asiyeonekana, au mizimu imeagiza apewe ng'ombe, wazee wetu hawamtukani wala hawamfukuzi. Humkaribisha kiti, wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja wao huinuka taratibu na kusema: shaba ikisema, chungulia kisogoni.