Mtama Ulioota Begani kwa Karani

Paukwa!

Pakawa!

Ah-ah! Hiyo ni sauti ya watu walioshiba. Mimi nataka sauti ya watu waliosimama foleni tangu alfajiri. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa nimesikia. Na wewe baba uliyejificha huko nyuma, itika, usijifanye umelala. Ngano hii ni yako kuliko ya watoto.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanashika jembe, alikuwako Nungunungu mmoja, mama wa watoto watatu. Jina lake Mama Chano. Alilima mtama mwekundu. Bonde zima hakuna mwingine aliyelima mtama mwekundu, ni yeye tu.

Mfalme wa bonde alikuwa Nyati. Desturi yake ilikuwa hivi: katika kila pishi kumi unazovuna, moja ni ya ghala la mfalme. Lakini unadhani Nyati alisubiri mavuno? Thubutu! Mtama ukiwa bado shambani, anamtuma Mbweha aje kuukadiria kwa macho. Mbweha akikadiria, unatoa papo hapo, kutoka akiba yako ya mwaka jana. Ukija kuvuna pungufu, kilichozidi utarudishiwa kabla ya mvua. Hilo lilikuwa neno la mfalme, na watu waliliamini.

Mbweha akaja kwa Mama Chano kabla umande haujakauka. Chapu, chapu, chapu! Mkoba begani.

"Hapa utavuna pishi arobaini," akasema. "Lete nne."

Akapima, akafunga mkoba, huyoo. Hata uji hakungoja.

Wiki mbili baadaye wakaja ndege kwelea. Vuuu! Wakala mtama, wakala, wakala, wakaenda zao. Mama Chano akavuna pishi ishirini. Hesabu ndogo hiyo, hata mtoto anaiweza: alitakiwa kutoa mbili, alitoa nne. Mbili zake ziko kwa mfalme.

Pishi ishirini haziwafikishi mbali walaji wanne. Chakula kikaisha. Kikabaki chungu cha mbegu tu. Watoto wakalia njaa. Mama Chano akakitazama kile chungu, akajiambia, "Mbegu si ziko kwa mfalme? Zile mbili nitapanda. Hizi tule."

Akapika.

Mbona mnaguna? Msigune! Mlitaka awapikie watoto mawe?

Asubuhi akaenda ghalani. Foleni hiyooo, imezunguka ghala. Mlangoni amesimama karani, Korongo, kwa mguu mmoja. Korongo alikuwa na utaratibu wake. Anamsikiliza mtu mmoja mpaka mguu uchoke, kisha anabadili mguu, ndipo anamwita mwingine. Na kulikuwa na amri ya mlangoni: atakayeonyesha hasira anarudi mwisho wa foleni.

Sasa niambieni, wenzangu. Digidigi akikasirika, nani atajua? Anameza tu. Lakini Nungunungu! Hasira yake iko mgongoni, kila mtu anaiona.

Zamu yake ikafika. "Karani, nimefuata pishi zangu mbili."

"Mtama wako haujafika ghalani," akasema Korongo. "Suala lako linashughulikiwa."

"Haujafikaje? Mbweha aliubeba mwenyewe!"

"Linashughulikiwa. Njoo keshokutwa."

Shwaaa! Miiba ikasimama.

"Miiba hiyo! Nyuma!"

Akarudi nyuma. Akaja keshokutwa. "Linashughulikiwa." Shwaaa! "Nyuma!" Akaja keshokutwa nyingine. "Linashughulikiwa." Shwaaa! "Nyuma!"

Digidigi aliyesimama mbele yake akamgeukia. "Shoga, laza hiyo miiba. Mimi nafuata kunde zangu tangu mwaka juzi. Nimejifunza kutabasamu."

"Na umepewa?"

"Nimepewa keshokutwa."

Mama Chano akarudi nyumbani, akafikiri. Akachota udongo wa mfinyanzi, akajipaka mgongo mzima, akakaa juani mpaka ukakauka. Miiba ikalala tuli. Akaenda. Akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba. Haujafika. Linashughulikiwa."

Ka! Udongo ukapasuka. Ka! Ka! Vipande vikaanguka chini. Shwaaa!

"Nyuma!"

Basi siku hiyohiyo, akiwa mwisho wa foleni, tone likamdondokea puani. To! Likaja la pili. To! Kisha mvua ikashuka yote. Bonde zima likapiga vigelegele. Kila mwenye mbegu akakimbilia shamba. Mama Chano akakimbilia nyumbani mikono mitupu.

Mvua ikanyesha siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Majirani wamepanda. Majirani wamemaliza kupanda. Mtoto wake mkubwa akachungulia nje, akauliza, "Mama, sisi tunapanda lini?"

Mama Chano akakiinua kile chungu kitupu, akakirudisha chini. Kifua kilimwaka moto. Akikosa mbegu za mvua hii, mwakani watoto wake hawana chakula, na hakuna wa kumlaumu ila yeye aliyeamini.

Wiki ilipotimia akaenda tena ghalani, mvua ikimpiga. Safari hii hakujipaka kitu. Akasimama foleni tangu giza mpaka zamu yake ikafika.

"Haujafika," akasema Korongo, hata kabla hajaulizwa.

Mama Chano alikuwa anatazama ukuta. Paa la ghala lilikuwa linavuja. Nani alitengeneze, nalo lilikuwa linashughulikiwa? Maji yameingia ndani wiki nzima. Na pale kwenye ufa, juu kidogo ya bega la Korongo, kimechomoza kichipukizi. Jani la kijani, shina jekundu.

"Karani, hicho nini begani kwako?"

Korongo akageuza shingo. "Majani."

"Majani ya nini?"

Korongo akabadili mguu.

"Nakuuliza, majani ya nini?"

"Linashu..."

"Sema tena! Sema tena nisikie!"

SHWAAAAA! Miiba yote, tangu shingoni mpaka mkiani.

"Nyuma!" akapiga kelele Korongo.

"Sirudi! Watoto wangu wamelala njaa, wewe unaniambia haujafika, kumbe umefika mpaka umeota!"

Digidigi akasogea kutazama. Kwenye ufa mwingine akaona jani la kunde. Jani lake! Lile tabasamu la miaka miwili likamtoka usoni. Akapiga kwato chini, pa! Nyuma yake mwingine, pa! Foleni nzima, pa, pa, pa! Ukuta ulioloa ukasema krrr, ukaanguka. Ndani kumekuwa shamba.

Nyati akasikia, akaja mbio, Mbweha nyuma yake. "Nani amevunja ghala langu?"

"Mimi," akasema Mama Chano, miiba imesimama. "Na nina swali, mfalme. Mbweha alikuja kwangu kabla umande haujakauka. Njia ya kwangu anaijua. Kuchukua kwa siku moja anaweza. Kurudisha kunamshinda nini?"

Nyati akamtazama Mbweha. Mbweha akatazama kucha zake. Nyati akamtazama Korongo.

"Sikuambiwa nikatae," akasema Korongo. "Wala sikuambiwa nitoe."

Mfalme akatazama huku na huku. Wanyama walikuwa wengi, na wote wamesimama karibu naye kuliko siku zote. Mwishowe akasema, "Kuanzia leo, miguu iliyochukua ndiyo itakayorudisha. Na wewe Korongo, ondoka mlangoni."

Mama Chano hakupiga vigelegele. Aling'oa miche yake mmoja mmoja, akaibeba, akaipandikiza shambani na watoto wake mpaka jua likazama. Nusu ilikufa, kwa sababu ilichelewa. Nusu ilipona. Walikula, lakini hawakushiba mwaka ule. Na hilo hakumsamehe mtu.

Ndiyo maana mpaka leo Nungunungu akisikia hatua nyuma yake, anasimamisha miiba kwanza, salamu baadaye. Na Korongo aliyefukuzwa? Mtamkuta bwawani, amesimama kwa mguu mmoja. Mwulizeni anasubiri nini. Atawaambia linashughulikiwa.

Funzo ni hili, na mfalme kama yupo hapa asikie: aliye mwepesi kuchukua cha mtu, awe mwepesi kukirudisha. Na wewe unayesubiri haki yako, usione haya kukasirika.

Ngano yangu imefika mwisho, nami nimeitoa leo leo, sikuwaambia mje keshokutwa.