Pua ya Kibwana

Hapo zamani, si zamani za mababu bali za juzi tu, palikuwa na kiwanda cha misumari. Waya uliondolewa kutu kwa asidi, na asidi ikachafuka kwa grisi na mafuta ya waya mpaka ikawa nyeusi. Wakaimwaga bondeni. Mchicha wa watu ukafa.

Akaja Chausiku, fundi mkuu, na mashine ya kutengeneza ozoni. Akaipuliza gesi hiyo ndani ya tangi la asidi. Gesi ikala mafuta, asidi ikatakata, ikarudi kuosha waya. Bonde likapumzika. Palikuwa na kipimo cha kuonyesha mafuta yamekwisha, lakini mvuke wa asidi ukakila.

"Tutumie pua," akasema Chausiku. "Mafuta yakiwamo, ozoni inaishia humo humo. Yakiisha, inatoka, na utasikia harufu kama ya hewa baada ya ngurumo. Ukiisikia, zima. Ni wiki moja tu, kipimo kipya kinakuja."

Pua iliyochaguliwa ilikuwa ya Kibwana. Akisema "Bado," waliendelea. Akisema "Tayari," walizima. Kipimo hakikuja, wiki ikawa miezi mitatu. Wenzake wakamtania kwamba maharage yakiungua mtaa wa pili, yeye ndiye wa kwanza kujua. Kibwana alipenda sana kutaniwa hivyo. Kumbe pua imekwisha kuizoea harufu. "Tayari" yake ikawa ya kubahatisha, naye alilijua hilo, akanyamaza.

Asubuhi moja alinusa, akasema, "Bado. Tunu, fungua kifuniko uchote tuone."

Tunu alikuwa mwenzake mdogo kazini, na mwimbishaji wa harusi zote za mtaa wao. Akafungua. Ozoni ilikuwa imejaa tele, nayo ikivutwa kwa wingi huunguza. Mapafu yake yakaungua, na tangu siku hiyo ubeti mmoja haumalizi.

Chausiku na Kibwana wakaenda kwa mama yake Tunu, Bi Mwanakheri, kuomba radhi.

"Radhi nipe mimi, mama," akasema Chausiku. "Niliweka pua ya mtu mahali pa kipimo. Ningesimamisha mashine, lakini asidi ingerudi bondeni, kwenye mboga zenu."

"Ni mimi, mama," akasema Kibwana. "Nilijua pua imekufa. Niliona haya kusema."

Tunu akajiinua mkekani, akasema kwa vipande, "Mama, mimi harufu niliisikia. Nikajiuliza, nitambishia vipi kaka Kibwana? Nikafungua."

Bi Mwanakheri akalia. Kisha akasema, "Radhi ninayo moja. Nikiwagawia nyote, itakuwa hakuna aliyekosa. Nitampa yule aliyeiua sauti ya mwanangu. Wengine mtabaki hivyo hivyo."

Kibwana akainamisha kichwa. Aliogopa kulisikia jina lake, akaogopa zaidi kutolisikia.

Nanyi mlioketi hapa, msikimbilie kujibu. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili radhi ya mama?