Mashine ya Alizeti ya Bi Zenabu

Mjane mmoja wa Iramba, Bi Zenabu, aliwaita mafundi watatu wamtengenezee mashine ya kukamua alizeti. Wanawake wa kijiji chake walikuwa wakijitwisha magunia ya alizeti mwendo wa siku nzima hadi kwenye mashine ya mjini, na baadhi walikuwa wameshaacha kulima.

Ntandu, mhunzi, alichukua kazi ya parafujo, ule mhimili wa chuma wenye meno unaokamua mbegu. Kitundu, seremala, alitengeneza mdomo wa kuingizia mbegu. Sikudhani, mfumaji wa nyungo, alifuma chujio. Mwezi mzima kila mmoja alijifungia kwake, na kila mmoja akatoa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Ntandu aliigeuzageuza parafujo yake juani akaona hakuna mhunzi wa kumfikia.

Siku ya kuijaribu, watu walijaa uani. Mashine ilizunguka kidogo, ikakoroma, ikakwama. Halikutoka hata tone. Wanawake wakaanza kuinua magunia yao waondoke.

"Chujio ndilo bovu," Ntandu alisema. Wenzake nao wakanyoosheana vidole.

Bi Zenabu akasimama katikati yao. "Wanangu, sikuwaomba kazi tatu nzuri. Niliwaomba mafuta."

Akachota mbegu kiganjani, akawataka wazifuate pamoja, tangu zinapoingia mpaka zinapotokea. Wakaifungua mashine. Mdomo ulikuwa mpana, umemwaga mbegu nyingi mno. Ntandu alipotia mkono kwenye chujio, ulitoka umejaa maganda yaliyosagika yakawa unga na kuliziba. Aliutazama unga ule. Ulikuwa umetoka kwenye meno makali ya parafujo yake.

Alichukua tupa akaanza kuyapunguza makali ya parafujo aliyoipenda, na kila mkwaruzo ulimuuma kama anajikata mwenyewe. Kitundu alipoona hivyo, akauziba nusu ule mdomo alioutengeneza. Ndipo Sikudhani akasema jambo ambalo mhunzi asingeliwaza peke yake: mafuta yapewe njia ubavuni mwa bomba linaloizunguka parafujo, kwa nyufa nyembamba zilizopangwa kama matundu ya ungo. Ntandu akazikata, huku Sikudhani akimwonyesha nafasi ya kila moja.

Siku ya tatu mafuta yalitiririka, ya rangi ya asali. Vigelegele vikapigwa. Mgeni mmoja akauliza fundi ni nani. Ntandu akatoa kifua mbele, akawavuta wenzake wawili karibu naye.

"Ni sisi," akasema, na maishani mwake hakuwahi kujivuna namna ile.

Basi wewe unayejenga na wenzako kitu kimoja, ni lini mara ya mwisho ulimwuliza anayepokea kazi kutoka mkononi mwako kama inamfaa?